Kilichokatika ni Kishikio

Vijana wa karakana mliniaga kwa soda, keki na saa ya ukutani, kisha mkaniomba niandike machache kuhusu kazi. Saa haitembei. Nimeshaifungua, nitaitengeneza nikimaliza hili. Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nililipwa nini, maana hayo hayafungui nati. Nitawaambia habari ya lori moja na kishikio chake, kwa sababu kila nikipita hapo karakana nawasikia mnaisimulia kwa uongo, na mwingine aliwahi kunisimulia mimi mwenyewe, niliyekuwamo, akanikatiza nilipotaka kumsahihisha.

Nilifika Babati mkoa wa Manyara ukiwa mchanga kabisa, ndio kwanza umemegwa kutoka Arusha. Watu wa mjini walikuwa bado wanasema "nakwenda mkoani" wakimaanisha Arusha. Ofisi zilikuwa chache kuliko wakuu wa ofisi. Idara moja ilipanga chumba nyuma ya bucha, na wageni wake walijikuta kwenye foleni moja na wanunuzi wa maini. Sisi wa karakana tulipewa ghala la mahindi kule Nakwa, na mwenye ghala hakuwa amemaliza kutoa mahindi yake. Kwa hiyo mwanzoni nilitengeneza magari katikati ya magunia, na panya wa humo walitutazama kama wavamizi.

Siku ya kwanza aliingia bwana mmoja mwenye gari linalovuja maji. Akanikuta chini ya gari jingine, ovaroli mwilini, spana mkononi, akaniuliza, "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia ametoka kidogo, asubiri. Akakaa juu ya gunia, akasubiri. Nikatoka chini ya gari, nikalitengeneza la kwake mbele ya macho yake, nikanawa mikono, ndipo nikamwambia fundi amerudi. Akashukuru, akaniachia salamu nimpe.

Mtu pekee aliyeniamkia kama fundi tangu siku hiyo alikuwa dereva wetu mkuu, Mzee Bura, mwenyeji wa Sigino. Alikuwa mrefu, mpole, na hakuwahi kupandisha sauti hata kwa mbuzi waliolala barabarani. Alikuwa na kauli moja aliyoirudia mpaka nikaichoka: "Mama Joshua, gari halina ubishi. Likikataa kwenda, kuna kitu kimelishika. Kitafute." Nilisomea ufundi chuoni, lakini kutafuta kilichoshika nilijifunza kwake.

Lori lake ndilo hilo mnalolisema. Tulilirithi kutoka mradi mmoja wa maji uliokwisha. Wenye mradi waliondoka na mabomba wakatuachia lori, na nadhani walijua walichokuwa wanafanya. Usukani ulikuwa upande wa kushoto. Gia zilikuwa za otomatiki, kwa hiyo halikuwa na klachi. Na hendibreki yake, nisikilizeni vizuri hapa, haikuvutwa kwa mkono. Ilikanyagwa kwa mguu. Pedeli yake ilikaa kushoto kabisa, pale pale ambapo gari lolote lingine huwa na klachi. Ukiikanyaga, ulimi wa chuma unaingia kwenye meno na magurudumu ya nyuma yanakaba. Kuiachia, unavuta kishikio cha plastiki kilicho chini ya dashibodi. Kishikio kinavuta waya, waya unanyanyua ulimi, pedeli inarudi juu kwa kishindo: klak.

Sasa, madereva wetu wote walijifunza kwenye magari ya klachi. Mguu wa kushoto wa dereva haufikiri, unajua tu. Kila aliyepewa lori lile, akitaka kubadilisha gia isiyokuwepo, mguu ulishuka wenyewe ukakanyaga kwa nguvu zote. Lori lilisimama palepale kama punda aliyeona nyoka, na mizigo ikahamia mbele. Kisha dereva anavuta kishikio, anaendelea, na kwenye kona inayofuata anakanyaga tena. Kishikio kile kilitengenezwa kwa ajili ya mtu atakayekivuta akitoka nyumbani na akitoka kazini. Hapa kwetu kilivutwa kutoka stendi mpaka Bonga kama kamba ya ng'ombe mbishi.

Mzee Bura alikuwa na dawa yake. Akishapanda, alivua kiatu cha kushoto, akaukunja mguu na kuukalia, kama mtu aliyekaa mkekani anakula ugali. Aliendesha hivyo mpaka Dodoma. Askari wa barabarani waliwahi kumsimamisha wakamuuliza kwa nini anaendesha akiwa amekalia mguu. Akawajibu, "Huu hauna leseni." Wakamwachia.

Hata hivyo kishikio kilipata ufa siku alizokuwa likizo. Nikakifunga kwa utepe wa mpira wa tyubu, na nikaomba kipya. Aliyeidhinisha vipuri alinirudishia ombi akisema hendibreki ya mguu hakuna duniani, niache utani. Nilipomleta akaikanyaga mwenyewe, akaidhinisha, na Arusha wakatuletea kishikio cha kupandishia kioo. Tukaomba tena, wakaleta cha kufungulia boneti. Nikaongeza mpira wa tyubu.

Mzee Bura alifariki kwa ugonjwa wa kifua, akiwa bado kazini. Nililia kama aliyefiwa na kaka, na sioni haya kuliandika. Ofisi ikatoa lori lake limpeleke Sigino kuzikwa kwenye shamba lake, watu wakaona ndiyo heshima. Dereva alikuwa Athumani, aliyeazimwa kutoka idara nyingine, mtoto wa wenye maduka hapa mjini. Alikuwa dereva mzuri wa mabasi, na siku hiyo alivaa kanzu safi kwa heshima ya marehemu. Nilimweleza habari ya pedeli. Akaniambia, "Mama Joshua, mimi nimeendesha Singida wakati wa mvua." Nikakumbuka mkoba wangu wa vifaa, nikaurudia.

Mjue pia jambo ambalo kila aliyepanda lori alilijua. Mzee Bura hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mke, Mama Paulina, na mabinti wawili. Shamba la Sigino mama huyo alikuwa amelilima tangu aolewe, mbaazi na mahindi, mume akiwa njiani na lori. Lakini kwenye msiba pale mjini mdogo wa marehemu, Sulle, alishatamka mbele ya watu kwamba shamba ni la ukoo, na kwamba mazishi yakiisha familia itakaa, na shemeji yake "atatafutiwa mahali". Mama Paulina alikuwa anakwenda kumzika mume wake na kukabidhi nyumba kwa safari moja.

Tukaondoka. Mbele tulikaa watatu: Athumani kwenye usukani, Mama Paulina katikati, mimi mlangoni na mkoba wangu miguuni. Nyuma kulikuwa na jeneza, kwaya, Sulle na ndugu zake, majirani, na Mzee Gwandu, mkubwa wa ukoo, aliyekalia kiti alichotoka nacho kwake. Athumani aliendesha vizuri mpaka tulipoiacha barabara kuu na kuanza kuteremka kuelekea shambani. Kaburi tulikuwa tunaliona. Mwinjilisti alikuwa amesimama kando yake, kitabu mkononi. Mteremko ukamkumbusha Athumani gia ya pili, na mguu wake wa kushoto ukafanya ulichozoea.

Lori lilikaba. Kwaya ilikatika katikati ya ubeti, waliosimama wakawalalia waliokaa, na Mzee Gwandu akaja mbele na kiti chake. Athumani akavuta kishikio, nacho kikatoka chote, pamoja na mpira wangu wa tyubu, kikabaki mkononi mwake. Akakitazama. Akanitazama. Halafu, mtu mzima na akili zake, akakitia mfukoni mwa kanzu.

"Nini?" wakauliza nyuma.

"Limegoma tu," akasema Athumani.

Nikashuka nikawaambia wazi: kishikio cha hendibreki kimekatika, nipeni muda nifungue chini ya dashibodi niukamate waya, tutaondoka. Mzee Gwandu alikuwa ameshashushwa na kiti chake. Alilizunguka lori polepole, akapiga tairi kwa fimbo, akasikiliza injini.

"Injini inaunguruma," akasema. "Tairi nzima. Njia kavu. Kila kitu cha lori kinataka kwenda. Basi asiyetaka ni mwenyewe."

"Babu, ni kishikio," nikasema. "Kimekatika."

"Sikatai, mwanangu. Lakini kimekatika leo, hapa, kaburi tunaliona. Kwa nini hakikukatika jana?"

Chuoni tulifundishwa kitu kinakatika kwa nini, siyo kwa nini leo. Na ninyi mnaijua imani hiyo, hata mnaojifanya hamuijui: gari la maiti likisimama njiani, marehemu ana neno. Vijana walitaka kulibeba jeneza mabegani, kwani hapakuwa mbali. Mzee Gwandu akawazuia kwa fimbo.

"Mtu akisimama mlangoni kwake hasukumwi. Anaulizwa. Mwenye lake na Bura aseme."

Nikarudi kwenye kazi yangu. Nililala chali sakafuni mwa lori, kichwa kati ya pedeli, miguu ikining'inia nje mlangoni, magoti ya Mama Paulina karibu na sikio langu. Yeye hakushuka. Kulikuwa na kibao cha chini ya dashibodi kilichofungwa kwa skrubu zilizoshikwa na kutu, na waya ulikuwa umejivuta nyuma yake. Nilikuwa nafungua skrubu ya kwanza wakati jirani mmoja alipoanza.

"Mzee Bura, mbuzi waliokula mbaazi zako mwaka ule walikuwa wangu. Nilisema ni wa wafugaji Wamang'ati. Unisamehe."

Mzee Gwandu akasema, "Dereva, jaribu."

Nikalazimika kutoka, Athumani akaingia, akatia gia, akakanyaga mafuta. Lori likanguruma, likakaa matako chini, halikusogea. Athumani akarudisha gia fri, isiyovuta magurudumu, akashuka anatoa jasho. Mkono mmoja alikuwa ameubana mfukoni.

"Siyo mbuzi," akasema Mzee Gwandu. "Endeleeni."

Nikaingia tena. Akaja mtu wa kwaya akasema pampu ya baiskeli anayo yeye. Nikatoka, wakajaribu. Siyo pampu. Nikaingia. Akaja bwana mmoja wa ofisini kwetu, mwenye tai, akaeleza kwa Kiswahili cha mikutano kwamba kuhusu ombi la likizo la marehemu kulikuwa na changamoto. Mzee Gwandu akamwambia aseme kwa lugha ambayo Bura ataielewa. Akasema, "Nilimnyima tu." Nikatoka, wakajaribu. Siyo likizo. Mwanamke mmoja akaungama kwamba aliwahi kumtabiria Bura kuwa hatazeeka, lakini alisema kwa hasira ya sokoni. Wakajaribu. Nikawaambia kwamba wakiendelea kunitoa kila mtu anapotubu tutazika kesho, na zaidi ya hapo wataua gia. Hakuna aliyenisikiliza. Kazi ya muda mfupi iligeuka ya nusu siku, na nilikuwa nimekasirika kweli, maana rafiki yangu alikuwa amelazwa juani akisomewa habari za pampu.

Hatimaye kibao kikatoka. Nikaingiza vidole, nikauona mwisho wa waya, nikaubana na ile plaizi inayojifunga yenyewe. Nikamwita Athumani nikamwambia sasa asiingie tena, mkono wangu uko ndani ya meno ya breki, akitaka kujaribu apige resi tu akiwa nje, na gia iwe fri. Akakubali upesi. Kwa upande wangu kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kuvuta.

Majirani walikuwa wamemaliza makosa yao yote, hata ya watu wengine. Mzee Gwandu akasema, "Waliobaki ni wa ndani." Sikuona nyuso kutoka pale nilipolala, lakini nilisikia jinsi watu walivyosogea, na nilijua wanamtazama nani.

Mama Paulina akainama, kanga ikatufunika wote wawili, kama mtu aliyezidiwa na kilio.

"Mama Joshua," akanong'ona, "umeupata?"

"Nimeushika."

"Ukivuta, litakwenda?"

"Litakwenda."

Mke wa dereva yule alikula chakula cha jioni na habari za kishikio kile miaka yote. Alijua kinavyofanya kazi kuliko Athumani na mkuu wa vipuri wakijumlishwa.

"Basi pumzika kidogo, mama," akasema. "Umechoka."

Nikapumzika. Na nisikilizeni, vijana, sikumdanganya mtu. Nilishasema ni kishikio, nikakataliwa. Hakuna aliyeniuliza tena. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, oili inanidondokea shavuni, nami nimelala nasikiliza.

Sulle akakohoa. "Kaka," akasema, "ile redio yako niliyosema imeibiwa, niliiuza."

Mzee Gwandu akasema jaribu. Athumani akaingiza mkono akapiga resi, injini ikalia weee, lori halikutikisika.

"Siyo redio."

"Kaka, na ndama."

"Jaribu." Weee. "Siyo ndama. Sulle, unamzungusha mtu aliyesimama juani."

Hapo nikasikia Sulle analia. Hakulia kilio cha msibani. Alilia kama mtu mzima anayelia bila kupenda.

"Kaka, ni shamba. Nilisema mama atatafutiwa mahali. Sina mahali pa kumtafutia, nilisema tu. Vijana wangu wamekua, wananiuliza watajenga wapi, nami ardhi yangu niliiuza kipande kipande, wewe ukinikataza. Niliona aibu kwao. Shamba ni la Mama Paulina na wanao. Abaki. Hatatolewa na mimi wala na mtu wa kwangu. Nimesema."

"Umesema kwa sauti?" akauliza Mzee Gwandu. "Walioko kaburini wamesikia?"

Kule chini mwinjilisti akanyoosha mkono kwamba amesikia.

Kidole cha mguu cha Mama Paulina kikanigusa begani. "Haya, mama," akasema.

Nikavuta. Klak.

Hakuna mtu aliyekanyaga mafuta. Lakini gia ilikuwa fri, tulikuwa kwenye mteremko, na utingo alikuwa ameweka mawe nyuma ya magurudumu kama walivyozoea matingo wote wa dunia hii, bila kutazama lori linaelekea wapi. Lori likaondoka lenyewe. Lilikwenda taratibu, milango wazi, dereva akikimbia kando na kanzu ameishika mkononi, mjane amekaa wima mbele, na mimi kichwa chini na miguu nje. Nikaikandamiza pedeli ya breki kwa mikono yote miwili na tumbo juu yake. Lilisimama hatua chache kabla ya kaburi, mbele ya mwinjilisti, aliyekuwa amefumba macho.

Nilipotoka niliwakuta watu wote wamepiga magoti. Mzee Gwandu peke yake alikuwa amekaa, kwa sababu alikuwa na kiti. Kwaya ikaanza tena ubeti pale ulipokatikia, na tukamzika Mzee Bura.

Mnajua kilichofuata, maana hicho ndicho mnachokitia chumvi. Lori likapata jina. Familia zenye magomvi zikawa zinakuja Nakwa kuliomba kwa ajili ya misiba yao, na wanaloliomba ni lile lile, siyo jingine lenye turubai zuri. Mzazi mmoja aliliomba kwa ajili ya harusi, apate kujua kama bwana harusi ana mke mwingine Kondoa. Mkuu wetu akaanza kulipangia zamu. Niliposema nataka kutengeneza kishikio cha kudumu, aliniambia nisiwe na haraka. Wazee wawili walinifuata nyumbani wakanisihi nisiliharibu.

Lakini mimi ni fundi, na breki isiyoachia ni ubovu hata ikisifiwa. Tena wakati huo maneno yalishaanza. Athumani hakuweza kuishi na siri ile. Alikitoa kishikio mfukoni hotelini, kwenye chai, akawaonyesha watu, na kabla ya mchana vijana wa Sulle walikuwa wameshasikia. Walimshika baba yao. Wakamwambia ametapeliwa na plastiki, kwamba ahadi ya namna ile si ahadi, aende kwenye baraza la ardhi akaifute. Mama Paulina alikuwa ameshapanda mbaazi. Alikuja karakana, akakaa kwenye lile gunia la wageni, akaniambia, "Akienda barazani nitajibu nini? Nitasema breki ilisema?"

Asubuhi moja nilikuwa nafunga kishikio kipya. Nilikuwa nimekata kipande cha nondo, nikakipasha moto nikakipinda kama herufi ya T, nikakichomelea wosha, kipete cha chuma, upande wa waya, nikakivisha ngozi ili kisiumize vidole. Waya nilikuwa nimeshaupitisha. Nikasikia mtu amesimama mlangoni mwa lori. Alikuwa Sulle, peke yake, amevaa koti la kwendea barazani.

"Shikamoo, fundi," akasema, ingawa tulikuwa rika moja.

"Karibu, Baba Emanuel."

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwonyesha. Nikamkanyagia pedeli, nikamwonyesha ulimi unavyoingia kwenye meno, nikamwonyesha waya. Nikamwambia ukweli: kishikio kikikatika lori haliendi, liwe limebeba maiti au limebeba viazi. Alipanda akakaa kwenye kiti cha dereva. Akakanyaga mwenyewe. Akavuta mwenyewe. Klak. Akarudia. Alirudia mara nyingi, taratibu, uso umeinama, nami nikaacha kazi nikasimama tu.

"Kwa hiyo kaka hakusema kitu," akasema.

"Mimi ni fundi wa magari, Baba Emanuel. Ya kaka yako siyajui."

"Na wewe ulikuwa umeushika waya wakati nasema?"

"Nilikuwa nimeushika."

Nilingoja anitukane. Akatazama nje, mikono miwili juu ya usukani.

"Lakini niliyoyasema niliyasema mimi," akasema. "Lori halikunifundisha maneno."

"Hapana."

"Na kaka alikuwa palepale nyuma."

"Alikuwa palepale."

Akashuka, akajikung'uta koti. Barabara ya kwenda barazani ilikuwa kulia, ya kwenda Sigino kushoto. Aligeuka akanitazama.

"Kifunge vizuri hicho," akasema. "Mtu asije akakwama tena."

Akashika njia ya kushoto, nami nikachukua spana nikakifunga.